Simu ya Kwanza ya Jumamosi

Hivi wewe, ukimpa mtu siri yako, halafu yeye akaisahau kabla hajafika nyumbani kwake, umempa au hujampa?

Bibi Sikitu Kalinga hakuwahi kujiuliza swali hilo kwa miaka minne yote aliyofanya kazi katika Nyumba ya Masikio, pale Mafinga. Kazi yake aliipenda kama ilivyokuwa. Kila siku isipokuwa Jumapili, dakika tano kabla ya saa mbili asubuhi, alivua sweta la juu, akabaki na la chini kwa sababu ya baridi, akaenda kuketi kwenye kiti cha alama. Kiti kilitoa mlio mmoja mwembamba, kama kijiko kilichogonga glasi. Kuanzia mlio ule, kila alichokisikia kilikuwa cha watoto waliopiga simu kusema yaliyowalemea. Saa kumi jioni alirudi kwenye kiti kilekile, akafungwa kilemba cha kijivu chenye nyuzi za shaba ndani yake, mlio ukalia mara ya pili, na yote yaliyosemwa kati ya mlio na mlio yakamtoka kichwani kama umande unavyotoka kwenye majani. Alijua tu kwamba siku imepita na kazi imefanyika, kwa sababu koo lilikuwa limemkauka na chupa ya chai ilikuwa tupu.

Zamani, kabla ya vilemba, maneno ya watoto yalikuwa yanarekodiwa. Siku moja rekodi za wilaya nzima zikavuja, watoto wakawa wanasomewa siri zao shuleni na wenzao, mbele ya mstari wa asubuhi. Baada ya hapo simu zikanyamaza. Wakajaribu mashine za kujibu, lakini zilikuwa na adabu mno, watoto wakawa wanazikatia. Ndipo wakatafutwa mabibi waliosoma hadi darasa la saba, wenye subira na maneno mdomoni, wakafungwa vilemba. Mtoto aliyekuwa hatarini aliunganishwa palepale na dawati la uokozi, lenye watu wa magari na sheria. Wale wengine, wenye mambo ya moyoni tu, walisema, wakasikilizwa, wakasahauliwa. Na simu zikarudi, nyingi kuliko mwanzo.

Basi Jumamosi moja ya mwezi wa sita, ukungu ukiwa bado umekaa juu ya misonobari, mlio ulikuwa ndiyo kwanza umelia na Bibi Sikitu hajafungua hata kifuniko cha chupa yake, taa ya simu ikawaka. Saa mbili kamili, wala si dakika moja zaidi.

"Nyumba ya Masikio. Bibi anakusikiliza."

"Shikamoo, Bibi Sikitu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Na jina langu umelitoa wapi?"

"Ulinipa mwenyewe. Mara kumi na moja. Mimi naitwa Karanga. Si jina langu, ni jina la hapa tu." Ilikuwa sauti ya msichana, miaka kumi na miwili hivi, yenye haraka ya mtu aliyejiandaa. "Goti linaendeleaje?"

Bibi Sikitu akaliangalia goti lake la kushoto kana kwamba limemsaliti.

"Lipo," akasema polepole.

"Ulisema mwezi huu linalia kama bawaba. Halafu ulisema nisimwambie mtu kwamba unajipaka mafuta ya kupikia."

"Ee! Mambo yangu yote unayo wewe?"

"Yote. Ya jogoo wako kulala jikoni ninayo. Ya mchumba wako wa kwanza aliyekuja kuposa amevaa viatu vya kaka yake, ninayo. Wewe yangu huna hata moja."

Hakulisema kwa hasira. Alilisema kama mtu anayetaja hali ya hewa. Lakini Bibi Sikitu aliliacha lile sweta alilokuwa analikunja, akaketi vizuri.

"Wewe ni mtoto wa wapi, Karanga?"

"Subiri, bibi. Sasa hivi nitakuambia mimi ni Mngoni, wa huko Songea. Na wewe utaniambia, 'Ninyi mlitoka kusini mbio, mkapita nchi tano, na hadi leo hakuna aliyegeuka kuangalia kilichokuwa kinawakimbiza.' Halafu mimi nitacheka."

Bibi Sikitu alikuwa ameshafungua mdomo kulisema lile neno, kwa maana Mhehe na Mngoni ni watani, na kukutana bila kutaniana ni kukosa heshima. Akaufunga. Akacheka mwenyewe hadi Bibi Kokubanza, aliyekaa meza ya pili, akageuza shingo.

"Haya, utani umeninyang'anya. Nini tena nakwambiaga?"

"Ndiyo tatizo lenyewe," Karanga akasema. "Kila Jumamosi naanza moja. Babu akienda mazoezi ya kwaya, napiga namba ya meza yako. Unanitania, nacheka, roho inatulia kidogo. Nakuambia naishi na babu, unauliza babu ni mtu wa namna gani. Nakuambia anapika maharage vizuri na anakoroma. Nakuambia baba anarudi. Tukifika hapo tu, dakika zangu arobaini zimeisha. Jumamosi inayofuata naanza moja tena. Nimechoka kuanza, bibi."

"Kwa nini usilianze lile lenyewe moja kwa moja?"

"Nimejaribu. Halitoki. Nikilisema kwa mtu ambaye ndiyo kwanza ananijua, naona kama namtupia mawe."

"Kuna mtu anakuumiza, mjukuu wangu? Niambie kweli, nina watu hapa wa kukufuata leo hii."

"Hapana. Uliniuliza kila mara, na kila mara nimesema kweli. Nakula vizuri, nalala vizuri, napendwa. Ndiyo maana ni gumu." Akavuta pumzi. "Nataka leo usifungwe kilemba."

Pale mezani taa ya pili ikawaka. Mtoto mwingine. Kisha ya tatu.

Bibi Sikitu aliziangalia taa zile. Alimwonea huruma mtoto huyu, lakini aliijua kazi yake.

"Karanga, nisikilize. Kilemba hakichagui. Kikiacha cha kwako, kinaacha vya wote niliowasikia siku hiyo. Mwenzako akipiga hapa baada yako, amekuja kwa sababu ameahidiwa kwamba jioni sitakuwa na lake. Siwezi kukubakiza wewe kwa kuwaibia wao."

"Najua. Uliniambia Jumamosi ya tisa, kwa maneno hayohayo. Ndiyo maana leo nimepiga wa kwanza. Nimeamka alfajiri, nikaketi na simu mkononi mpaka saa mbili. Leo hujamsikia mtoto mwingine yeyote, bibi. Ukifunga meza yako baada yangu, kichwani nitakuwa mimi peke yangu."

 Bibi Sikitu aliwaza, mtoto huyu amekaa na jambo hili wiki ngapi, akiligeuza kama mtu anayetafuta pa kuanzia kumenya yai?

Taa zilikuwa nne sasa. Kila taa ni mtoto ameshika simu mahali fulani, chooni, au nyuma ya ghala, au chini ya blanketi. Chumbani walikuwa mabibi sita. Wakibaki watano, watoto wale watapokewa, ila watasubiri kidogo, na wenzake watachoka zaidi. Hilo aliliona ni zito lakini linabebeka. Zito zaidi lilikuwa jingine. Miaka minne hakuna mtoto aliyewahi kuingia naye nyumbani kwake. Alikwenda sokoni na kanisani na kichwa chepesi. Je, kama ataropoka?

"Siri ni yako," akasema mwishowe. "Siyo yangu wala ya nyumba hii. Kama unaniachia, sema kwa mdomo wako, mashine ikusikie."

Mashine pale ilikuwa haishiki neno lolote la mtoto isipokuwa moja, la ruhusa, na hilo hakuna aliyewahi kulitamka.

"Namwachia Bibi Sikitu siri yangu," Karanga akasema, kwa sauti ya mtu anayesoma somo mbele ya waumini.

Kitaa kidogo cha kijani, ambacho Bibi Sikitu alidhani ni pambo tu, kikawaka. Akanyoosha mkono, akageuza kibao cha mezani kisomeke IMEFUNGWA. Bibi Kokubanza akakodoa macho.

"Haya," Bibi Sikitu akasema. "Sasa niambie babu ni mtu wa namna gani."

Karanga akamweleza, bila haraka safari hii. Babu ndiye aliyemlea tangu mama yake afariki, yeye akiwa na miaka mitatu. Baba alikuwa fundi wa nyaya zinazolazwa chini ya bahari, akawa anaonekana mara moja kwa mwaka, na zawadi zisizolingana na umri wake. Sasa amepata kazi ya nchi kavu, Dodoma. Jumamosi ijayo saa sita mchana atafika na gari kumwuliza mwanawe: unakuja kuishi na mimi, au unabaki? Babu naye ameuliza. Shangazi ameuliza, mwalimu ameuliza. Wote wanauliza kwa upole. Na wote Karanga amewajibu neno moja, "Sawa tu."

"Na mwenyewe unataka nini?"

 Bibi Sikitu akasikia mtoto anameza mate. Kisha mashine ikagonga mara mbili. Dakika zimeisha.

"Umeona?" Karanga akasema.

"Nimeona. Jumamosi tunaanzia hapohapo."

*

"Bibi, umefanya nini?" Bi. Ndelwa aliuliza jioni. Alikuwa mratibu wa nyumba, binti wa miaka thelathini, msomi mwenye miwani, na mabibi wote aliwaamkia kila asubuhi mmoja mmoja.

"Nimepokea simu moja, mwanangu. Kilemba sivai. Mwenye siri ameniachia."

"Tisa!" Bibi Kokubanza alidakia huku akivaa viatu. "Watoto wako tisa nimewabeba mgongoni leo. Kesho ukipita kwangu, pita na maandazi, na yawe na iliki."

Bi. Ndelwa hakucheka. Alifungua kanuni kwenye kioo cha kompyuta yake, akasoma kwa kidole, akarudia kusoma. Kifungu kilikuwepo. Siri ni mali ya mtoto, na mtoto anaweza kumwachia msikilizaji, mradi msikilizaji hajachanganya na ya mwingine. Hakijawahi kutumika kwa sababu hakuna bibi aliyewahi kuwa na mtoto mmoja tu kwa siku.

"Ninaogopa kitu kimoja," akasema, akiivua miwani. "Likisikika huko nje kwamba mabibi wanakumbuka, watoto hawatauliza ni bibi yupi wala mtoto yupi. Watanyamaza wote. Tutarudi kulekule."

"Litasikikaje, na mimi sisemi?"

"Bibi, wewe unasema hata na jogoo."

Bibi Sikitu akalivaa sweta lake la juu.

"Na wiki hii kilemba changu cha Jumatatu?" akauliza. "Hakitanichukulia na huyu?"

"Hapana. Kinafuta kilichoingia baada ya mlio wa asubuhi hiyo. Hizo njia za kichwani zinakuwa bado mbichi, ndiyo maana zinafutika. Ukishalala usiku mmoja bila kilemba, ya leo yanakauka kama udongo kwenye tanuri. Hayatoki tena, hata tukitaka." Akairudisha miwani. "Miaka yote kilemba kilikuwa kinakutunzia mdomo. Wiki hii utautunza mwenyewe."

*

Ilikuwa wiki ndefu. Jumapili baada ya ibada, Mama Yustina, shoga yake tangu utotoni, akamshika mkono kama kawaida. "Haya, wamekuambia nini wiki hii hao watoto?" Kila Jumapili aliuliza, na kila Jumapili Bibi Sikitu alijibu, "Sijui," na ilikuwa kweli, wakacheka. Jumapili ile alijibu, "Sijui," na neno likamkwama kama mwiba wa samaki. Mama Yustina alimtazama.

"Unaumwa?"

"Goti."

Ndipo alipoelewa kwamba kwa miaka minne hajatunza siri hata moja. Alichokuwa anafanya ni kusahau, na kusahau hakumgharimu kitu. Hiki cha sasa ndicho kutunza. Kilimfanya apitishe unga mara mbili kwenye chekeche, na amwage maji ya kunawa yaliyo safi. Na kwa namna fulani alikipenda. Alipokuwa akikoroga uji alimwona Karanga, bila uso, amekaa mahali na simu yake. Jioni alipofunga mlango wa jikoni alijiuliza kama na kule Songea kuna baridi.

Ila palikuwa na jambo lingine ambalo hakulitambua. Kadiri alivyomkumbuka mtoto, ndivyo alivyomkumbuka na yule babu, na maharage yake na kukoroma kwake. Yeye naye aliwalea wajukuu watatu, wakachukuliwa mmoja mmoja, na vitanda vitatu vikabaki vimetandikwa. Kufikia Jumatano alikuwa ameshajua, bila kuambiwa, anachotaka Karanga: kubaki na babu yake. Nini tena? Mtoto anaogopa tu kumvunja moyo baba. Kufikia Ijumaa alikuwa ameshatunga na maneno ya kumfundisha, matamu, yaliyopangwa, ya kumwambia baba bila kumwumiza. Alimwambia hata jogoo, bila kutaja jina.

*

Jumamosi taa ikawaka saa mbili na nusu. Bibi Sikitu aliitambua sauti ya Karanga kwenye "Shika..." na hakungoja salamu iishe.

"Wewe Mngoni! Juzi umenitajia goti langu mbele ya watu, nikatembea wiki nzima nalificha kwa kanga. Na hayo mafuta ya kupikia, nani alikutuma uyaseme? Ndiyo maana nchi tano ziliwafukuza, kwa midomo!"

 Upande wa pili pakasikika kama mtu anacheka na kupenga kamasi kwa pamoja.

"Umenikumbuka," Karanga akasema.

"Nakukumbuka. Babu anakoroma, baba ni wa nyaya, gari linafika saa sita. Tumeishia hapo."

"Nimechelewa kupiga kwa sababu babu hakwenda kwaya. Yupo nje, anapiga pasi sketi zangu. Zote. Za kwenda na za kubaki, amesema, ili nisikose."

Bibi Sikitu alizionea uchungu zile sketi. Maneno yake ya wiki nzima yakampanda yenyewe.

"Karanga, nimekuwaza sana. Na nimewaza jinsi utakavyomwambia baba yako..."

"Nimwambie nini?"

Sauti ilikuwa imebadilika. Haikuwa ya hasira, ilikuwa imerudi nyuma, kama konokono anavyorudisha pembe ukimgusa. Bibi Sikitu aliisikia, na akajisikia mwenyewe. Yule bibi wa vilemba, aliyesahau kila siku, hakuwa na la kumwambia mtoto. Alikuja mtupu, akasikiliza. Huyu wa leo amekuja na mdomo umejaa. Kama atayamwaga, mtoto atasema "Sawa tu," kama alivyowaambia wengine wote, na saa sita itafika.

Akayameza. Hayakumezeka vizuri.

"Nisamehe, mjukuu wangu. Ni ujinga wa Kihehe. Nilikaa na jambo lako wiki nzima, nikadhani limekuwa langu. Mimi sijui unachotaka. Ninangoja."

Akangoja kweli. Taa nyingine ikawaka, kisha ikazimika, Bibi Kokubanza kaichukua. Leo kibao hakikugeuzwa. Jioni kilemba kitafungwa, na haya ya leo yataondoka na ya wengine. Hilo halikumsumbua. Mtoto alikwisha kukumbukwa mara moja, na inaonekana mara moja ndiyo aliyoihitaji.

Mlango ulilia huko Songea, pakasikika hatua nzito.

"Unaongea na nani?" Sauti ya mzee.

"Na yule Mhehe wa kwenye simu, babu."

"Mhehe! Basi mfungie mbwa wetu ndani, kabla Mhehe hajamnusa akamtia chunguni."

Bibi Sikitu akaziba mdomo kwa kiganja. Karanga naye alianza kucheka, cheko likaishia njiani.

"Bibi," akanong'ona, "usikate."

"Sikati."

"Huna haja ya kusema chochote."

"Sisemi."

Akasikia simu inawekwa juu ya meza, juu ya kitu laini, labda sketi yenye joto la pasi. Akasikia kiti kinaburutwa. Akaiinamia spika ndogo ya mezani, mikono yake miwili imeshikana, na hakuomba jambo liwe hivi wala vile.

"Babu, keti kidogo," Karanga akasema kule mbali, na sauti yake ilikuwa inatetemeka lakini haikusimama. "Mimi nataka kwenda na baba. Siyo sawa tu. Nataka. Na likizo zote nataka kurudi hapa kwako, na kitanda changu usimpe mtu."